Kujibu maswali ya Historia ya Kidato cha Nne: alama ziko kwenye sentensi ya mwisho

Nimekuwa kimya muda mrefu kwa sababu za kikazi, lakini leo nimelazimika kukaa niandike. Jambo lenyewe si zito kama yale tunayozoea kubishania. Ila kwa kila mwenye mtoto, mpwa au mdogo wake anayesoma sekondari nyumbani, nadhani lina faida kuliko mengi.

Mwezi uliopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko kidato cha nne mkoani Tanga, alinitumia kwa simu picha za pepa yake ya moko ya somo la Historia. Amepata 41. Chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Nimeanguka kwenye Maji Maji, na wewe unajua ninavyoijua." Kweli najua. Nilipokwenda likizo tulikaa barazani jioni moja akanisimulia vita vile tangu Umatumbi mpaka Ungoni, kwa mpangilio na kwa hamu, hata mama yake akaacha kuchambua mchele akasikiliza. Sasa mtoto wa namna hii anapataje 41?

Kwa wale walioondoka nyumbani zamani, nikumbushe hesabu yenyewe. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kwenda kidato cha tano kunahitaji angalau C tatu. Kwa hiyo kati ya 41 na 45 pana alama nne tu, lakini ndizo zinazoweza kumtenganisha mtoto anayeendelea na mtoto anayerudi nyumbani kutafuta la kufanya. Haya si mambo ya mzaha jamani.

Nilizikuza zile picha nikazisoma ukurasa kwa ukurasa. Swali la insha lilitaka aeleze sababu sita zilizofanya wapiganaji wa Maji Maji washindwe. Binti yangu ameandika kurasa mbili na nusu: kodi ya nyumba, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, viboko, ukatili wa maakida na majumbe, kazi za bure, kudharauliwa kwa mila. Yote ni kweli. Hakuna hata neno moja la uongo. Lakini hizo ni sababu za vita kuzuka, si za kushindwa! Mwalimu amempa alama 2 kati ya 15, na pembeni kwa wino mwekundu ameandika maneno mawili tu: "Soma swali."

Nilipoona hivyo sikumlaumu mwalimu. Mie mwenyewe kabla sijatoka nje kusoma nilifundisha sekondari, na miaka ya tisini nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiitwa kusahihisha mitihani. Nimeandika sifuri nyingi za namna hii. Msahihishaji hakujui. Hajui kama wewe ndiye mtoto aliyewasimulia watu barazani wakaacha kazi zao. Mbele yake ana mwongozo wa majibu na rundo la vijitabu, na analoweza kulipa ni lile lililo kwenye karatasi tu. Kuna usiku nilirudi kitandani nikijua kabisa kwamba kijana fulani nisiyemjua jina anaijua historia kuliko yule niliyempa 12 kabla yake. Lakini hakujibu. Ningefanyaje?

Basi nikaanza kumfundisha kwa simu. Haya yafuatayo ndiyo niliyomfundisha, nimeyapanga ili na wengine wayatumie.

1. UIJUE PEPA KABLA HAIJAKUJA

Kwa muundo wa miaka ya karibuni, pepa ya Historia ya Kidato cha Nne ina saa tatu na maswali kumi na moja. Sehemu A ina alama 16: swali la kuchagua jibu na swali la kuoanisha. Sehemu B ina maswali sita yenye jumla ya alama 54, yaani 9 kila moja. Humo mna majibu mafupi, kupanga matukio kwa mfuatano wa wakati, na kuchora ramani. Sehemu C ni insha: yapo matatu, unachagua mawili, kila moja alama 15, jumla 30.

Sasa fanya hesabu ya dukani. Saa tatu ni dakika 180 na alama ni 100, kwa hiyo kila alama moja imepewa dakika 1 na sekunde 48. Insha ya alama 15 ni dakika 27, basi. Sehemu A usiipe zaidi ya dakika 20. Maswali ya sehemu B yape dakika 15 kila moja, hapo ni 90. Insha mbili dakika 54. Jumla 164. Zinabaki 16 za kusoma maswali mwanzoni na kupitia kazi mwishoni.

Mpwa wangu insha ya kwanza aliiandika kwa muda wa dakika hamsini kwa sababu aliipenda, ya pili akaandika hoja mbili kengele ikalia. Huo ni ugonjwa wa watoto wenye akili. Anayejua kidogo hana tatizo la muda!

2. NENO LA AMRI NA NENO LA MADA

Kila swali lina vitu viwili vya kupigia mstari. Cha kwanza ni neno la amri: taja, eleza, linganisha, tathmini, jadili. Cha pili ni neno la mada, yaani upande gani wa jambo unaulizwa: sababu, athari, mbinu, mafanikio, kushindwa. Mtoto wetu aliona "Maji Maji" akaanza kuandika. Jina la vita halikuwa swali, bwana. Swali lilikuwa "kushindwa".

Kuhusu amri, nilimweleza hivi. "Taja" anataka jina la hoja, mstari mmoja, usijichoshe. "Eleza" anataka hoja pamoja na maelezo na mfano. "Linganisha" anataka vitu viwili viwekwe bega kwa bega kwenye kila hoja. Si ukurasa wa hiki halafu ukurasa wa kile. "Tathmini" na "jadili" zinataka pande mbili na uamuzi wako mwishoni.

Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, hilo tunalijua, na ndilo linalowaponza wengi. Kwa hiyo nilimwambia aandike maneno hayo ya amri nyuma ya daftari kwa Kiingereza kama yanavyotokea kwenye pepa, na mbele ya kila moja aandike kwa Kiswahili chake mwenyewe linamtaka afanye nini. Hayazidi kumi na tano. Mtu anayejua maana za maneno hayo kumi na tano ameshapita mtego wa kwanza.

3. HOJA INA VIUNGO VINNE

Hapa ndipo penye kiini cha yote, naomba mnivumilie kidogo.

Wanafunzi wengi hukariri hoja kama orodha ya sokoni. Mwalimu amewapa hoja sita, wanazimeza, siku ya mtihani wanazitoa. Hoja ya orodha husomeka hivi:

"Sababu nyingine ni silaha duni. Waafrika walikuwa na silaha duni na Wajerumani walikuwa na silaha bora. Silaha duni ni mbaya vitani."

Sentensi tatu, lakini kilichosemwa ni kimoja, kimerudiwa mara tatu. Msahihishaji atakupa alama ya kutaja, hana zaidi.

Hoja iliyokamilika ina dai, maelezo, mfano wenye jina na mwaka, na mwisho sentensi inayorudi kwenye swali. Angalieni:

"Wapiganaji walizidiwa silaha. Wengi wao walikuwa na mikuki, mishale na magobori, wakati jeshi la Wajerumani lilikuwa na bunduki za kisasa pamoja na bunduki za rashasha. Kwa mfano, tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge wakapigwa kwa rashasha kabla hawajaifikia. Hivyo wingi wa watu, ambao ndio uliokuwa nguvu yao kubwa, haukuweza kuwapa ushindi."

Hapo pana sentensi nne. Kwa mtu aliyezoea ni dakika tatu na nusu. Hoja sita za namna hiyo ni dakika 21, zinabaki sita za utangulizi na hitimisho.

Sasa ile sentensi ya nne, inayoanza na "hivyo", ndiyo watoto wanayoisahau, na mie nasema ndiyo yenye alama. Tukio halijibu swali lenyewe kwa lenyewe. Mpaka wewe ulifunge kwenye swali. Nitawapa ushahidi.

Chukueni imani ya maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji na kuwaambia risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Tukio ni hilo hilo moja. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini vita vilienea haraka miongoni mwa makabila mbalimbali, atamalizia: "Hivyo maji yaliwapa watu wa makabila tofauti imani moja na sababu ya kupigana pamoja." Akiulizwa kwa nini walishindwa, atamalizia: "Hivyo wapiganaji walizikabili bunduki waziwazi bila kujikinga, na walipoona wenzao wanaanguka wengi walikata tamaa." Tukio moja, maswali mawili, majibu mawili tofauti, na tofauti yote iko kwenye sentensi ya mwisho.

Nilimwambia binti: "Ukimaliza hoja, ziba sentensi zote kwa kiganja uache ya mwisho tu. Je, inajibu swali? Kama haijibu, hoja hiyo bado haijaisha." Akacheka akasema, "Mjomba, mie huwa naishia kwenye mfano." Ndiyo, wengi huishia hapo. Wanaandaa chakula kizuri halafu hawakipeleki mezani.

Na kitu kingine, viungo hivi vinne vinamlinda mtoto asiende upande mwingine wa swali. Kama angejaribu kuandika sentensi ya nne kwenye hoja yake ya pamba ("hivyo kulimishwa pamba kwa nguvu kulifanya wapiganaji washindwe...") angesikia mwenyewe kwamba haiingii. Angesimama, angerudi kwenye swali. Alama kumi zingeokoka hapo hapo.

4. HOJA SITA ZISIWE HOJA MBILI ZILIZOVAA NGUO SITA

Swali likitaja idadi, toa idadi hiyo, na kila hoja iwe na aya yake. Lakini hakikisha ni tofauti kweli. "Silaha duni", "kukosa bunduki" na "Wajerumani kuwa na rashasha" ni hoja moja. Njia rahisi ya kupata tofauti ni kujiuliza jambo kutoka pande mbalimbali. Kwa swali letu tunapata hizi:

- Silaha: kama nilivyoeleza, Mahenge 1905.
- Imani ya maji: iliwaweka wazi mbele ya risasi.
- Kukosa umoja kamili: Wahehe, ambao nguvu zao zilivunjwa katika vita vya Mkwawa vilivyoisha 1898, hawakujiunga, Wajerumani wakapata nafasi ya kushughulikia eneo moja baada ya jingine.
- Kupotea kwa viongozi: Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema, Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni wakanyongwa Songea.
- Mbinu ya kuunguza: chini ya Gavana von Götzen askari walichoma vijiji, mashamba na maghala, njaa ikawapiga watu waliokuwa hawajapigwa na risasi.
- Msaada kutoka nje: Wajerumani waliweza kuleta meli za kivita na askari wa nyongeza, wakati wapiganaji hawakuwa na pa kuagiza.

Ni pande sita kweli: vifaa, imani, siasa, uongozi, uchumi na msaada. Mtoto akizikumbuka hizo pande, anaweza kujibu swali la vita vya Abushiri, la Wahehe, hata la Wazulu, bila kukariri orodha mpya kila mara. Ataulizia tu kila upande: hapa ilikuwaje?

Na akiwa hana uhakika na takwimu, asiibuni. Kwa waliokufa katika Maji Maji na njaa yake, Wajerumani wenyewe walitaja 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi 250,000 au 300,000. Asiyekumbuka aandike "maelfu kwa maelfu". Ni kweli, na haimharibii kitu. Mwaka wa uongo unamfanya msahihishaji atilie shaka hata ule wa kweli.

5. UTANGULIZI NA HITIMISHO

Utangulizi ni sentensi tatu: jambo ni nini, lilikuwa wapi na lini, na utaeleza nini. "Vita vya Maji Maji vilikuwa upinzani wa watu wa kusini na kusini-mashariki mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani kati ya 1905 na 1907. Vilianzia katika milima ya Umatumbi. Ingawa vilienea mbali, vilishindwa kwa sababu zifuatazo." Imetosha. Wengine huandika nusu ukurasa kuhusu kuja kwa wakoloni barani Afrika tangu Vasco da Gama. Hakuna anayelipa hiyo.

Hitimisho lisiwe kurudia orodha. Toa uamuzi mmoja: sababu ipi ilikuwa nzito zaidi, au jambo lile liliacha nini. Kwa mfano kwamba ingawa walishindwa, kumbukumbu ya makabila mengi kupigana pamoja ilitumiwa baadaye na wapigania uhuru kama kielelezo cha umoja. Sentensi mbili, funga.

6. "JADILI" HAINA JIBU LA NDIYO

Swali la kujadili linawatisha watoto kwa sababu wanadhani kuna jibu moja lililofichwa. Chukua Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Ukiulizwa kama lilifanikiwa, usiandike sifa tupu wala matusi matupu. Weka upande wa mafanikio: njia kuu za uchumi, mabenki yakiwa ya mwanzo, ziliwekwa mikononi mwa umma; elimu ya msingi na ya watu wazima ilipanuka sana. Kisha weka upande wa pili: kuhamishwa watu kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya 1973 hadi 1976, uzalishaji kuyumba, mashirika ya umma kupata hasara, na juu yake bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya 1978–1979. Halafu amua, na useme kwa nini umeamua hivyo. Msahihishaji halipii kukubaliana naye. Analipia uamuzi uliotoka kwenye hoja.

7. MFUATANO WA MATUKIO NA RAMANI

Haya ni mepesi, nayapita haraka. Kwa mfuatano, mtoto awe na nguzo za miaka ambazo hazimtoki hata akiamshwa usiku. Kwa Tanzania nilimpa hizi: 1884–1885 Mkutano wa Berlin, 1888–1889 vita vya Abushiri hapo hapo kwao pwani, hadi aliponyongwa Pangani, 1890 mkataba wa Heligoland kati ya Waingereza na Wajerumani, 1891–1898 Mkwawa, 1905–1907 Maji Maji, 1914–1918 Vita Kuu ya Kwanza, 1929 African Association (AA), 7 Julai 1954 TANU, 9 Desemba 1961 uhuru wa Tanganyika, 12 Januari 1964 Mapinduzi, 26 Aprili 1964 Muungano, 1967 Azimio, 1977 CCM. Tukio lolote jingine analitundika kati ya nguzo mbili.

Ramani si mashindano ya uchoraji. Umbo lieleweke, kichwa cha habari kiwepo, namba au alama walizotaka ziwe mahali pake. Afanye mazoezi ya kuchora Afrika na Afrika Mashariki kwa dakika tatu, mara kwa mara, mpaka mkono uzoee.

8. KIINGEREZA

Wengi wetu tuna msimamo wetu kuhusu lugha ya kufundishia, na mie wangu mnaujua, sitaurudia. Mtoto anafanya mtihani Novemba hii, hawezi kutusubiri tumalize mjadala. La kumsaidia ni sentensi fupi. Sentensi fupi iliyonyooka yenye mtendaji, kitendo na mwaka inapata alama. Sentensi ndefu iliyojikunjakunja inaficha hata kile anachokijua. Nilimruhusu apange hoja zake kwa Kiswahili, neno moja moja, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mazoezi, halafu ndipo aandike kwa Kiingereza. Kufikiri kwanza, kutafsiri baadaye. Akifanya vyote kwa pamoja vinagongana.

Lakini tusidanganyane kwamba lugha ndiyo kila kitu. Mtaala mpya wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Ni hatua nzuri na mie nimeifurahia. Hata hivyo, mtoto aliyezoea kumwaga orodha ataimwaga kwa Kiswahili fasaha. Kufunga hoja kwenye swali ni kazi ya kufikiri, na kufikiri hakuji kwa kubadilishiwa lugha tu.

9. HAZINA AMBAYO WATU HAWAIFUNGUI

Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na zinapatikana kwenye tovuti yake bure. Humo kila swali linachambuliwa: lilitaka nini, waliofaulu walifanya nini, walioanguka walikosea wapi, na kuna picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Ukizisoma utaona sababu zinajirudia: kutoelewa matakwa ya swali, maarifa kidogo ya mada, na udhaifu wa lugha. Kutoelewa matakwa ya swali! Yaani yale maneno mawili ya wino mwekundu.

Kumtumia mtoto taarifa hiyo ni kazi ya dakika tano. Sisi tunaotuma fedha za ada na za masomo ya ziada, wangapi tumewahi kufanya hivyo? Mie sikuwahi, mpaka nilipoiona ile 41.

JE, HUKU SI KUFUNDISHA UJANJA?

Mwenzangu mmoja nilimsimulia haya akaniambia nawafundisha watoto ujanja wa mtihani badala ya elimu. Nililifikiria sana. Kukariri hoja sita bila kuzielewa ni ujanja kweli, na nimeona vitabu vya "maswali na majibu" vinavyouzwa kwa ajili hiyo. Lakini kusoma swali ukalielewa, ukatoa dai, ukalipa ushahidi, ukaonyesha ushahidi huo unathibitisha nini, huo si ujanja. Ndicho kitu hicho hicho ninachowadai wanafunzi wangu wa shahada ya pili hapa, na nusu yao hawajakiweza. Sisi wenyewe tukibishana humu, mara ngapi mtu anamwaga matukio ya kweli kumi ambayo hayajibu alichoulizwa?

Tulivyopanga na mpwa wangu ni hivi, na mtu yeyote anaweza kufanya na wa kwake. Kila Ijumaa namtumia swali moja. Jumamosi analijibu kwa dakika 27, dada yangu anashika saa. Ananitumia picha. Mie sisahihishi Kiingereza wala sitoi alama. Napigia mstari sentensi ya mwisho ya kila hoja tu, nikiweka vema au mkasi. Wiki ya kwanza nilipata vema moja kati ya sita. Wiki iliyopita, swali la athari za Vita Kuu ya Kwanza kwa Tanganyika, zilikuwa tano. Ile ya sita alikuwa ameishia kwenye mfano, kama kawaida yake, na kabla sijamwambia akaandika: "Mjomba najua, ya nne haijafika mezani."

Novemba haiko mbali. Matokeo ni ya Mungu, lakini safari hii akianguka haitakuwa kwa kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Walimu mlio humu, hasa mliosahihisha miaka ya karibuni kuliko mie, nirekebisheni nilipokosea na mwongeze niliyoyasahau. Na kwa wale wanaojua Jiografia na Uraia, tafadhali atokee mtu atufanyie hivi hivi kwa masomo hayo. Watoto wanasubiri.

Wenu katika elimu.